Figo ya Mtoto si Mali ya Baba: Uhakiki wa Hoja Zinazotolewa Juu ya Watoto Kuchangia Viungo

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya haya.

Usiku mmoja baada ya Swala ya Isha alitufuata mzazi mmoja, akatuomba tubaki naye msikitini. Binti yake mkubwa, mwenye umri wa miaka 22, figo zake zote mbili zimeshindwa kufanya kazi, na kila wiki anapelekwa hospitali kusafishwa damu. Baba mwenyewe ana kisukari, mama ana shinikizo la damu, na madaktari wamewakataa wote wawili. Nyumbani amebaki mdogo wake wa kiume, mwenye umri wa miaka 14.

"Sheikh," alisema, "kijana amekubali mwenyewe. Mimi baba yake nimeridhia. Wazee wa ukoo wamebariki. Hospitali ndio wanaosema huyu bado mtoto. Nipe fatwa niende nayo."

Hatukumpa fatwa usiku ule. Tulimwomba atupe muda, naye kwa adabu yake akatupa. Makala haya ni matunda ya muda huo. Tumeyaandika kwa sababu tumegundua kuwa maneno ya mzazi yule si yake peke yake. Tumeyasikia barazani, katika mihadhara, na hata kwa baadhi ya maimamu wenzetu: kwamba mtoto akikubali na baba akaridhia, amebaki nani wa kukataza? Tunataka kuzipima hoja hizo moja baada ya nyingine, kwa insafu, na kuonesha mahali zinapokosea.

Filamu waliyoiona vijana wetu

Tulipoliweka suala hili katika darasa letu la Alhamisi, wanafunzi waligawanyika. Mmoja wao akasema jambo hili ameliona katika filamu ya Marekani iitwayo My Sister's Keeper, iliyotoka mwaka 2009 chini ya uongozaji wa Nick Cassavetes. Kumbe wengi walikuwa wameiona, na maoni yao waliyachukua humo. Tuliona si vyema kuwakemea kisha tukaiacha hoja yenyewe bila majibu. Filamu hiyo imetokana na riwaya ya Jodi Picoult ya mwaka 2004. Riwaya tuliisoma kwa msaada wa wanafunzi wanaokijua Kiingereza kutuzidi, na filamu tukaitazama.

Kisa chenyewe ni cha msichana wa Marekani, Anna, ambaye wazazi wake walimpata kwa njia za kitabibu ili chembe zake zilingane na za dada yake Kate, mgonjwa wa saratani ya damu. Tangu alipozaliwa amekuwa akitolewa damu na vinginevyo kumtibu dada yake. Kate anapohitaji figo, Anna anakwenda kwa wakili na kuwashitaki wazazi wake, ili mwili wake usiguswe bila ya ridhaa yake. Mwishoni inadhihirika kuwa Kate mwenyewe, aliyechoka na maradhi, ndiye aliyemwomba mdogo wake akatae.

Tuseme kwanza wema wa kisa hiki. Mtunzi hakumfanya mama kuwa mtu mbaya. Ni mama anayempenda mwanawe mgonjwa mpaka hamwoni tena yule mzima. Huo ni ukweli tunaoujua sisi tunaoingia katika nyumba za watu wakati wa misiba na maradhi. Dhuluma nyingi ndani ya familia hazitokani na chuki. Zinatokana na huruma iliyoelemea upande mmoja. Jambo la pili jema ni kwamba mtoto amepewa ulimi. Katika mijadala mingi ya aina hii, mtoto huzungumziwa kama mfuko uliobeba dawa.

Lakini tunamlaumu mtunzi na mwongozaji kwa jambo moja: wote wawili wamelikimbia suala lenyewe. Katika riwaya, Anna anashinda kesi, kisha anapata ajali ya gari na kufa, na figo yake inapewa dada yake. Katika filamu mwisho umebadilishwa: Kate anafariki kwanza, na habari ya hukumu ya mahakama inaifikia familia baada ya mauti, wakati haina tena wa kumgusa. Hakuna palipooneshwa familia iliyokubali hukumu ya "hapana" ikaendelea kuishi na mgonjwa wake. Wala hatukuoneshwa mtoto aliyetoa figo, akakua, akaolewa, akabeba mimba, akafika miaka 50 na figo moja. Ajali na mauti vimeletwa kumtua mtazamaji mzigo wa kuamua. Ndiyo maana vijana wetu walitoka na machozi, na hukumu hawakutoka nayo.

Mahakama zilivyotafuta ridhaa ya mtoto

Riwaya ni ya kubuni, lakini suala lake ni la kweli na lina historia. Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa kwa binadamu ulifanyika Boston, Marekani, mwezi Desemba 1954, baina ya ndugu wawili pacha wa kufanana. Wote walikuwa watu wazima. Haukupita muda mrefu wakaja mapacha wenye umri mdogo. Mwaka 1957 madaktari wa Boston walikwenda mahakamani mara tatu kuomba ruhusa: mara moja kwa ndugu pacha wa miaka 19, kwani wakati huo utu uzima kisheria ulianza miaka 21, na mara mbili kwa mapacha wa miaka 14. Mara zote tatu mahakama iliruhusu.

Hoja yao inastahiki kuzingatiwa. Majaji walijua kuwa kwa mwili wa mtoaji hakuna faida. Basi wakasema faida ipo katika nafsi yake: pacha wake akifa hali yeye angeweza kumsaidia, ataishi na majonzi na majuto. Kwa njia hiyo operesheni ikahesabiwa kuwa ina manufaa kwa yule anayekatwa pia. Mwaka 1972 mahakama ya jimbo la Connecticut ilikwenda mbali zaidi, ikaruhusu figo ya mtoto wa miaka 7 ipewe pacha wake.

Hatukatai kwamba majonzi ya ndugu ni dhara. Tunalohoji ni kipimo chenyewe. Huzuni ikikubaliwa kuwa ndiyo mizani, basi hakuna mtoto yeyote mwenye mapenzi atakayeweza kulindwa, kwa sababu kila ampendaye nduguye atahuzunika. Kadiri mtoto anavyokuwa na moyo laini, ndivyo mwili wake unavyokuwa halali zaidi kwa wengine. Je, huo ni uadilifu?

Haki ni kusema pia kwamba zipo mahakama za nchi hiyo hiyo zilizoona tofauti. Mwaka 1973 mahakama ya rufaa ya Louisiana ilikataa ombi la wazazi waliotaka figo ya kijana wao wa miaka 17 mwenye ulemavu wa akili ipewe dada yake mtu mzima. Walijenga hoja yao hivi: sheria ya jimbo hilo haimruhusu mlezi kugawa bure mali ya mtoto, basi haiwezekani mwili wa mtoto uwe na ulinzi mdogo kuliko mali yake. Msomaji aliyesoma usuli ataitambua mara moja. Hiyo ndiyo qiyas ya aula, nayo imetoka kwa majaji ambao hawakusoma Fiqhi yetu hata siku moja. Na mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Illinois ilikataa kuwalazimisha pacha wa miaka mitatu na nusu kupimwa na kutolewa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaozalisha damu, kwa ajili ya ndugu yao wa upande wa baba ambaye hawakulelewa naye na ambaye mama yao hakukubali wamchangie.

Hoja tatu za watu wetu

Sasa turudi nyumbani, tusije tukawa hodari wa kuhakiki ya wenzetu tukayafumbia macho ya kwetu.

Hoja ya kwanza ni Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah na Abu Dawud, ambayo maana yake ni kuwa mtu na mali yake ni vya baba yake. Wanaoitumia husema: ikiwa mtoto mwenyewe ni wa baba, figo yake ni nini? Tunasema: Hadithi hii ilisemwa kwa mtu aliyemlalamikia baba yake juu ya mali, na jamhuri ya wanazuoni hawakuifahamu kwa maana ya umiliki. Dalili yao ni ya wazi, nayo imetumiwa na Imam Shafii: Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa amempangia baba fungu maalumu katika mirathi ya mwanawe, sudusi pale mwana anapoacha mtoto wa kiume, na waliobaki nao wana mafungu yao. Lau mali ya mwana ingekuwa ya baba, angeirithi vipi mali iliyo yake tayari? Na lau neno la kuwa mtu ni wa baba yake lingekuwa la umiliki, baba angeweza kumuuza mwanawe aliye huru. Hakuna Muislamu anayesema hivyo. Hadithi inafundisha wema kwa wazazi na haki ya baba mhitaji kukidhiwa haja yake. Si hati ya kumiliki mwili.

Hoja ya pili ni kisa cha Nabii Ibrahim na mwanawe Ismail (A.S.). Husemwa: baba alimtoa mwanawe kwa ajili ya Allah, na mtoto akaridhia, basi vipi mtoto asitoe kiungo kimoja kumwokoa nduguye? Kisa hiki kinapendwa mno katika hotuba za Idi, na ndiyo maana kukitumia pasipo mahali pake ni hatari. Kwanza, Ibrahim (A.S.) alitenda kwa wahyi, na wahyi umekatika. Hakuna mzazi leo anayeweza kudai ameamrishwa kwa ndoto. Pili, Ibrahim hakumvamia mwanawe. Alimweleza na kumuuliza anaonaje. Tatu, na hili ndilo wengi hulisahau, kisu hakikukata. Mtoto alikombolewa kwa mnyama. Anayetaka kukifuata kisa hiki mpaka mwisho wake basi akifuate mpaka kwenye fidia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni hoja ya ithari: kijana amekubali mwenyewe, na Qur'ani katika Suratul-Hashri imewasifu Ansari kwa kuwatanguliza wengine juu ya nafsi zao. Je, tumnyime mtoto daraja hiyo?

Tunajibu kwa Sira. Abdullah bin Umar (R.A.) alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14, akitaka kuitoa nafsi yake yote katika njia ya Allah. Mtume (S.A.W.) hakumruhusu. Siku ya Khandaq, akiwa na miaka 15, akamruhusu. Habari hii imo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, na Khalifa Umar bin Abdul-Aziz aliifanya kuwa mpaka baina ya mdogo na mkubwa. Tuizingatie vizuri. Nia ya Ibn Umar ilikuwa safi, jambo alilolitaka lilikuwa tukufu, na Waislamu siku ile walikuwa wachache mbele ya adui mwenye jeshi kubwa kuwazidi. Pamoja na haja yote hiyo, ridhaa ya mtoto haikupokewa. Ushujaa wake haukudharauliwa, ila alilindwa na ushujaa wake mwenyewe mpaka afikie umri wa kuumiliki.

Hapa ndipo panapotofautiana Fiqhi na hoja zote tulizozitaja, za kule na za huku. Filamu inauliza mtoto anataka nini. Mahakama za Boston zilitafuta namna ya kusema kuwa mtoto amefaidika. Wazee wetu wanasema mtoto ameridhia na baba amebariki. Wote wanaitafuta "ndiyo" ya mtoto. Fiqhi inatangulia kuuliza: je, mtoto anayo hiyo "ndiyo" ya kutoa?

Walivyopanga mafaqihi

Wanazuoni wetu hawakuijua operesheni ya kupandikiza figo, lakini misingi waliyoiweka inatutosha kuanzia. Wahanafi wameyagawa matendo ya mtoto mwenye kupambanua katika mafungu matatu. Yaliyo manufaa matupu, kama kupokea zawadi, yanasihi bila idhini ya walii. Yanayochanganya faida na hasara, kama kuuza na kununua, husimama juu ya idhini ya walii. Ama yaliyo hasara tupu kwake, kama kutoa mali yake bure, hayasihi hata walii akiidhinisha, kwa sababu walii mwenyewe hana mamlaka hayo ya kuyaidhinisha. Mtoto akigawa shilingi elfu yake kwa maskini, utoaji huo kisheria haupiti. Basi vipi upite utoaji wa figo, ambayo ikitoka hairudi?

Kwa upande wa Mashafii, wanafunzi wanaosoma Minhaj ya Imam Nawawi watakumbuka mambo manne. La kwanza, walii hutenda katika mali ya mtoto kwa maslahi ya mtoto tu, wala hauzi nyumba au shamba lake ila kwa haja au faida iliyo dhahiri. La pili, haki ya kisasi ikiwa ni ya mtoto, husubiriwa mpaka abaleghe, wala wakubwa hawaamui kwa niaba yake. La tatu, baba na babu wanaruhusiwa kumkata mtoto uvimbe wenye hatari ikiwa hatari ya kuuacha ni kubwa zaidi; na mtawala, pamoja na uwezo wake wote, haruhusiwi kukata penye hatari kama hiyo. La nne, katika mlango wa mwenye dharura ya njaa, imeharamishwa mtu kukata sehemu ya mwili wake kumlisha mwingine, na imeharamishwa kukata ya mtu mwingine ambaye damu yake imehifadhiwa.

Tuliangalie lile la tatu. Mizani iliyowekwa ni hatari ya kukata dhidi ya hatari ya kuacha, na zote mbili zimo katika mwili wa mtoto yule yule. Hawakusema apimwe yeye na nduguye. Kwa hiyo wanaotoa mfano wa tohara na operesheni za watoto kuwa ni ushahidi wa mamlaka ya baba wamechukua nusu ya suala. Baba anaruhusiwa kumkata mwanawe kwa ajili ya mwanawe huyo huyo.

Kuhusu lile la nne, tunajua kwamba wanazuoni wengi wa zama hizi wamelifanyia ijtihadi upya, kwa kuwa upasuaji wa leo si ukataji wa zamani. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka liliruhusu mwaka 1985 mtu aliye hai kumchangia mwingine kwa masharti, yakiwemo kutodhurika mtoaji na kutoa kwa hiari bila kulazimishwa. Taasisi ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya OIC, ilitoa azimio lake Jeddah mwezi Februari 1988, na humo ikasharutisha kuwa mtoaji awe na ahliya kamili, hata katika vile vinavyojirudi kama damu na ngozi. Ikhtilafu ipo. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, aliuzuia upandikizaji hata kwa watu wazima. Lakini zingatia, ndugu msomaji: waliozuia wamemzuia mtoto pamoja na mkubwa, na walioruhusu wamemfungulia mlango mwenye ahliya kamili. Katika kauli zote hizi hatukuuona mlango wa figo ya mtoto.

Nchi ya Misri ililiweka hili katika sheria yake namba 5 ya mwaka 2010: kuchangia kwa mtoto hakukubaliwi, wala ridhaa ya wazazi wake haizingatiwi. Katika mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilipitisha miongozo inayozuia kuchukua kiungo kwa mtoto aliye hai isipokuwa kwa vighairi vichache vya sheria za nchi, na katika ufafanuzi wake likataja pacha wa kufanana kuwa miongoni mwa vighairi hivyo kwa upande wa figo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, mwaka 2008 kilikubali uwezekano huo kwa masharti makali, mojawapo likiwa mtoto awe na mtetezi asiyefungamana na upande wowote. Kwa kighairi hicho cha pacha hatuwafuati, kwa sababu tulizozieleza.

Vipi aliyebaleghe?

Huenda akasema mtu: kijana wa miaka 15 au 16 keshabaleghe, anaswali na kufunga kwa wajibu, mnamwitaje mtoto? Swali hili ni la haki. Jibu ni kuwa Qur'ani yenyewe, katika Suratun-Nisaa, imeagiza mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakionekana kuwa na rushdi, yaani uongofu wa akili katika mambo yao, ndipo wapewe mali zao. Baleghe peke yake haikutosha kumkabidhi shamba. Imam Abu Hanifa alifika kusema asiye na rushdi azuiliwe mali yake hadi miaka 25. Ikiwa mali inahitaji baleghe na rushdi, mwili unahitaji hayo na zaidi. Na sheria ya nchi ikiweka miaka 18 kuwa mpaka, huo ni upangaji wa maslahi unaofaa kutiiwa, na si kupingana na Sharia.

Tena kijana huyu anaishi chini ya paa la baba yake na kula chakula cha mama yake. Kila asubuhi anamwona dada yake akivimba miguu. Anayeweza kumtazama akasema "sitaki" ni nani? Kauli ya kukubali inayotoka mahali ambapo kukataa hakuwezekani haiwezi kuitwa hiari.

Suala la uloto

Hatutaki kuufunga mlango ambao Sharia haikuufunga. Figo na uloto si hukumu moja. Uloto huchotwa kwa sindano katika mfupa wa nyonga, mtoto akiwa amepewa dawa ya usingizi. Hubaki na maumivu ya siku chache, na mwili huurudisha ndani ya wiki kadhaa. Figo hairudi. Jambo hili halipo mbali nasi tena. Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini Tanzania mwaka 2017, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Katika ugonjwa huo, anayefaa zaidi kutoa ni ndugu wa baba na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu. Mara nyingi ndugu huyo naye ni mtoto. Maimamu wataulizwa, na wajiandae.

Tumeona kuwa azimio la Jeddah limesharutisha ahliya kamili hata katika vinavyojirudi. Lakini sheria ya Misri, baada ya kukataza viungo, imeruhusu chembe za uloto za mtoto kwa wazazi wake na baina ya ndugu, ikiwa hakupatikana mtoaji mwingine na wazazi wakaandika ridhaa yao. Sisi tunaelekea kwenye ruhusa hii, kwa sababu mafaqihi wamemruhusu walii kumtoa mtoto damu na kumpiga chuku pasipo hatari, na kwa sababu kubaki hai kwa nduguye ni maslahi ya kweli kwake pale dhara inapokuwa ndogo na ya kupita. Hoja ya majonzi tuliyoikataa kwenye figo inapata uzito hapa, maana hapa haibebeshwi mzigo unaozidi nguvu zake.

Tunaweka masharti: asiwepo mtu mzima anayefaa, madaktari waaminifu wathibitishe kuwa mtoto yu salama, aelezwe kwa lugha anayoielewa, na akikataa asilazimishwe, na uamuzi usiwe wa wazazi peke yao. Mzazi wa watoto wawili ni mfano wa hakimu ambaye mmoja wa wagombanao ni mwanawe mgonjwa. Pamoja nao awepo kadhi, au daktari asiyemtibu yule mgonjwa, kazi yake ikiwa kumtetea yule mzima. Hii ni ijtihadi yetu. Tukipatia ni kwa tawfiki ya Allah, na tukikosea ni kwa upungufu wetu.

Tulichomjibu mzazi yule

Tulirudiana na mzazi wetu, safari hii nyumbani kwake. Tulimwambia kuwa hatuna fatwa ya kumpa, na kwamba hospitali wamesema jambo ambalo Sharia imelitangulia. Akainamisha kichwa. Kisha tukamuuliza: "Ndugu yangu, hao wazee wa ukoo waliobariki, ni wangapi kati yao wamekwenda kupimwa?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Hakuna aliyekwenda. Ami zake binti, wajomba zake na watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima, walikaa kikao wakasifu ushujaa wa mtoto wa miaka 14, wakasoma Fatiha, wakatawanyika kila mmoja na figo zake mbili.

Hapo ndipo tulipoielewa fikra hii inayoenea. Kuchangia kwa mtoto kunaonekana jambo jepesi kwa sababu hakumgharimu mkubwa kitu. Tunamtanguliza yule asiye na sauti katika kikao, kisha tunaliita jambo hilo ithari. Ithari ni mtu kutoa kilicho chake. Kutoa kilicho cha mwingine kuna jina jingine, na wanafunzi wa Fiqhi wanalijua.

Kwa hiyo nasaha yetu kwa maimamu ni hii. Mkijiwa na suala kama hili, msianze na mtoto. Anzeni na watu wazima wa ukoo mmoja mmoja, muwahimize kwenda kupimwa kwa hiari zao, na muwaeleze ruhusa ya wanazuoni na masharti yake. Muwakataze kuuza na kununua, kwani mwili wa mwanadamu haupangiwi bei. Mkumbusheni baba kwamba yeye ni mchunga na ataulizwa juu ya kila aliyechungishwa, mgonjwa na mzima. Na yule mtoto aliyejitolea msimkemee. Mwambieni, kama alivyorudishwa Ibn Umar siku ya Uhud, kwamba nia yake imepokelewa na wakati wake haujafika.

Wakati tunaandika haya, binti bado anasafishwa damu. Watu watatu wa ukoo wake, wote watu wazima, wamekubali kwenda kupimwa. Tunamwomba Allah (S.W.) ampe shifaa, na awape nyoyo za kutoa wale walio na haki ya kutoa.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.